Kuimba huku unapiga kinanda bila kuchanganyikiwa: mwongozo kamili kwa wa kwaya na wa sebuleni

Swali linalorudi kila mara ni lile lile. Mtu anaimba vizuri tu, sauti anayo. Kinanda nacho anakipiga, si haba. Ila akijaribu vyote pamoja, mdomo ukifunguka mkono unaganda, au mkono unaendelea na mdomo unaanza kufuata vidole, maneno yanapotea, mwisho anafunika kinanda na kusema mi sina kipaji.

Kipaji wala hakihusiki hapo. Mi mwenyewe ni wa kujifurahisha, muziki haujawahi kunilipa zaidi ya soda na nauli, ila kwaya na kinanda nimekaa navyo tangu sandei skuli na ninachokiona kwa wengi ni mpangilio mbovu. Wanachagua kii (yaani noti ambayo do ya wimbo inakaa) inayopendwa na vidole badala ya koo, alafu wanaunganisha mkono na mdomo kabla mkono haujaweza kwenda wenyewe.

Mwongozo huu ni kwa anayejua sofa kidogo (do re mi za kwayani) na anayeweza kubonyeza kodi (noti tatu hivi zinazopigwa kwa pamoja) japo polepole. Fuata hatua kama zilivyo, ukiruka moja utairudia tu mbele ya safari.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Kinanda. Cha funguo 61 kinatosha kabisa, hata cha mtumba. Piano kamili ina funguo 88 ila kwa kazi hii hutagusa hata nusu yake. Epuka vile vidogo vya watoto vyenye funguo nyembamba, vidole vitazoea umbali wa uongo na ukikaa kwenye kinanda cha kanisani unapotea.

Adapta yake halisi. Yamaha nyingi ndogo zinakula volti 12, Casio nyingi za siku hizi ni 9.5. Soma maandishi ya nyuma au chini ya kinanda, angalia volti na ile michoro ya alama ya kujumlisha na kutoa. Pini kuingia vizuri haimaanishi adapta ni sahihi, na alama zikiwa kinyume unaweza kuunguza kinanda siku hiyo hiyo. Vinanda vingi vidogo pia vinatumia betri 6 za AA, weka akiba, umeme hauna adabu.

Kiti kisicho na mikono, na stendi au meza ya kimo sawa. Ukikaa, viwiko viwe usawa wa funguo. Meza ya chakula mara nyingi iko juu mno, mabega yanapanda, shingo inakaza, na shingo ikikaza sauti ya juu haitoki. Ongeza mto kwenye kiti, hiyo ndo dawa ya bei rahisi.

Simu yenye apu ya metronomu (ile inayogonga mapigo ya kufuata) na ya kurekodi sauti, zote zipo za bure. Penseli, na maneno ya wimbo yaliyoandikwa kwa mkono wako huku umeacha nafasi kubwa kati ya mstari na mstari.

Maji ya kawaida. Najua kuna wa tangawizi, wa asali na wa yai bichi. Kunywa kama unapenda, ila elewa kwamba unachomeza kinapita njia ya chakula, hakigusi nyuzi za sauti. Maji yanasaidia kwa sababu mwili mzima ukiwa na maji na nyuzi zinalainika, kwa hiyo yanywe mapema, glasi moja dakika ya mwisho haina maajabu.

Wimbo mmoja. Pambio au wimbo wenye kodi tatu au nne, unaoujua hata ukiamshwa usiku. Ule unaotaka kuwashangaza nao watu uache kwanza.

## Hatua ya 1: tafuta kii ya koo lako

Hapa ndo wengi wanapoangukia na hawajui kama wameanguka. Mtu anapiga kila wimbo kwa C kwa sababu C haina funguo nyeusi, alafu anashangaa mbona sauti inakwama.

Pasha sauti kwanza, dakika tano tu. Mumunya kwa mdomo uliofungwa ukipanda na kushuka taratibu, alafu tetemesha midomo kama mtoto anayeigiza gari. Ukisikia kukwaruza, shuka, usilazimishe.

Sasa tafuta C ya kati. Kwenye kinanda cha funguo 61 ni C ya tatu kutoka kushoto. Imba "mu" kwa sauti ya maongezi, shuka noti moja moja hadi sauti ianze kuwa hewa tupu, rudi juu noti mbili, andika hiyo. Fanya hivyo kwenda juu hadi uanze kuinua kidevu, shuka noti mbili, andika. Katikati ya hizo mbili ndo nyumbani kwako. Usiandike noti uliyoifikia kwa kupiga kelele, hiyo ubeti wa tatu haitakuwepo.

Alafu utazame wimbo: noti yake ya chini kabisa ni ipi na ya juu kabisa ni ipi, kwa sofa. Tuseme wimbo wako unatoka so ya chini hadi so ya juu, nyimbo nyingi za kuimba wote ziko hapo hapo. Na tuseme wewe ni mwanaume ambaye nyumbani kwako ni kuanzia B iliyo chini kidogo ya C ya pili hadi D iliyo juu tu ya C ya kati.

Ukiweka do kwenye C, so ya chini inakuwa G ambayo utaikoroma tu hakuna atakayekusikia. Ukipandisha oktevu nzima (do hadi do inayofuata), so ya juu inakuwa G ambayo utaipayuka mishipa ikitoka shingoni. Kote umekosa! Weka do kwenye G sasa: so ya chini ni D, so ya juu ni D inayofuata, wimbo wote umekaa ndani ya uzio wako. Mwanamke ambaye nyumbani kwake ni A iliyo chini ya C ya kati hadi B iliyo juu yake, wimbo huo huo akiuweka do ni D anaimba huku anatabasamu.

Kwa hiyo ukiona kwenye karatasi ya nota pale juu kumeandikwa Do ni F au Do ni A, hiyo kii ilichaguliwa kwa ajili ya kwaya ya sauti nne, we uko peke yako una ruhusa ya kuihamisha.

Kuhusu transpozi. Ndiyo, unaweza kubonyeza kitufe, ukaendelea kupiga maumbo ya C na kinanda kikatoa G. Weka -5, ukiweka +7 bado ni G ila ya oktevu ya juu na itakuwa inapigana na sauti ya mwanaume. Kwa D weka +2. Sina ugomvi na transpozi, nusu ya wapiga vinanda wa makanisani wanaishi kwa hiyo. Ila siku utakayokuta piano ya mbao isiyo na kitufe, au mpiga gitaa akakuuliza tuko kii gani ukajibu C wakati kinanda kinatoa G, utajionea. Kwa wimbo huu wa kwanza itumie, wimbo wa pili jaribu kii yenyewe.

Utajua umefaulu ukiimba wimbo mzima bila kinanda, beti zote, ukimaliza koo halidai chochote. Kama unaimba misa ya kwanza alfajiri, shusha nusu toni zaidi (funguo moja ya jirani, nyeusi nazo zikihesabiwa), sauti ya asubuhi huwa nzito.

## Hatua ya 2: panga kodi kwa sofa, mkono usirukeruke

Kama unajua sofa kodi nne unazo tayari hata kama hujui. Kodi ya do ni d-m-s. Ya fa ni f-l-d. Ya so ni s-t-r. Ya la, ile ya majonzi, ni l-d-m. Nyimbo kibao sana zinaishia hapo.

Shida ni kwamba wengi wanazipiga zote kuanzia noti yake ya chini, mkono unaruka kama panzi kutoka C kwenda F kwenda G na kila ukiruka lazima utazame chini, na ukitazama chini unasahau neno. Zipange hivi kwa mkono wa kulia:

- kodi ya do: d-m-s, vidole 1-3-5
- kodi ya fa: d-f-l, vidole 1-3-5
- kodi ya so: t-r-s, vidole 1-2-5
- kodi ya la: d-m-l, vidole 1-2-5

Kidole gumba ni namba 1. Ona sasa: gumba linakaa kwenye do muda wote, kwenye kodi ya so tu ndo linarudi nyuma nusu toni hadi ti. Kwa C ni C-E-G, C-F-A, B-D-G, C-E-A. Kwa G ni G-B-D, G-C-E, F shapu-A-D, G-B-E. Mkono haujahama, ni vidole tu vinajinyoosha.

Kujua kodi ipi inaingia wapi, sikiliza noti iliyoangukia pigo zito. Ikiwa ni mi, anza na kodi ya do. Fa au la, jaribu kodi ya fa. Ti au re, ni so. Do yenyewe inaweza kuwa kodi ya do au ya fa, na so inaweza kuwa ya do au ya so, hapo sikio liamue. Wimbo karibu daima unaanza na kuisha na kodi ya do, na kabla ya ile ya mwisho mara nyingi kuna kodi ya so. Andika kwa penseli juu ya silabi yenyewe kodi inapobadilikia. Ukiiandika mwanzo wa mstari tu haitakusaidia kitu, utaona sababu hatua ya 6.

Utajua umefaulu ukizunguka do, fa, so, la, do huku macho yako ukutani.

## Hatua ya 3: mkono uende wenyewe

Metronomu iwe 60, yaani mapigo 60 kwa dakika. Mkono wa kulia tu, piga kodi mara moja kila pigo la kwanza, hesabu 1-2-3-4, wimbo mzima kwa mpangilio wa kodi ulioandika. Usiimbe. Hata kumumunya usimumunye.

Sababu yake ni kwamba akili haiwezi kusimamia vitu viwili vipya kwa mpigo mmoja. Kimoja lazima kiwe kimeshakuwa mazoea ili kingine kipate nafasi. Maneno unayafikiria, mkono haupaswi kufikiriwa.

Kipimo changu ni hiki: mwite mtu wa nyumbani akae karibu akuulize maswali ya kawaida, leo mmekula nini, bei ya mkaa imefika ngapi, shangazi amepiga simu? Mjibu kwa sentensi kamili huku mkono unaendelea. Ukijibu "ee" tu au mkono ukisimama, bado. Rudi.

Watu wanaichukia hatua hii kwa sababu inaboa. Inaboa kweli. Fanya dakika kumi kila siku, usifanye saa mbili Jumamosi alafu wiki nzima hujagusa.

Onyo: usiwashe staili za kinanda, zile ngoma zinazojipiga. Zinakushikia mwendo, unadhani umeweza, zikizimwa unayumba. Zitakuja baadaye.

## Hatua ya 4: mdomo peke yake

Funika kinanda. Metronomu 60, mguu unagonga, sema maneno ya wimbo kwa mahadhi yake bila kuimba, kama mtu anaghani. Ukikuta unakwama mahali, basi hujui pale, na ulikuwa unabebwa na wenzako kwayani.

Alafu weka alama za pumzi kwa penseli, kakoma kadogo juu ya mstari. Pumua mwisho wa maana, usikate neno katikati. Ukiwa umekaa pumzi ni fupi kuliko ukisimama kwa sababu tumbo limekunjwa, kwa hiyo ongeza alama moja au mbili zaidi ya ulizozoea kwayani. Kalia nusu ya mbele ya kiti, mgongo usiegemee.

Fupi hii hatua, siku mbili tatu zinatosha kama wimbo unaujua kweli.

## Hatua ya 5: waunganishe, kwa ubahili

Usikimbilie maneno. Kwanza piga kodi mara moja kwa kila pigo la kwanza huku unaimba tyuni kwa "mu". Maneno yanakula akili, mu haili.

Ikishatulia, weka maneno ubeti wa kwanza tu, bado kodi moja kwa pigo la kwanza. Mkono ukisimama, usianze wimbo upya! Huu ugonjwa wa kuanza upya kila ukikosea ndo unafanya watu wajue mstari wa kwanza vizuri sana na wa nne hawaujui kabisa. Chukua neno moja kabla ya pale palipoharibika na neno moja baada yake, rudia hapo hapo hadi papite, alafu unganisha na mstari.

Rekodi. Ukisikiliza, tega sikio kwa vitu viwili tu: je mwendo unapungua kodi inapobadilika, na je sauti inashuka chini ya kinanda mwisho wa mistari mirefu? La kwanza ni mkono, rudi hatua ya 3. La pili ni pumzi, ongeza alama.

## Hatua ya 6: maneno yanayotangulia pigo

Hapa nitakaa kidogo maana ndo pamewashinda wengi walioniandikia, hata wale ambao mikono yao ni mizuri.

Mistari mingi haianzii pigo la kwanza. Chukua mstari kama "Leo nitaimba mpaka jua lizame". Pigo zito linaangukia IM ya nitaimba. Le-o ziko pigo la tatu la nyuma, ni-ta ziko pigo la nne, IM ndo pigo la kwanza na ndo kodi inabadilikia hapo. Mtu asiyejua anapiga kodi mpya akisema "Le", basi kila kitu kimewahi kwa mapigo mawili, mdomo unasubiri mkono, mkono unasubiri mdomo, wanakutana kwa bahati.

Fanya hivi. Hesabu kwa sauti 1-2, alafu kwenye 3 na 4 sema "Leo-nita", na kwenye 1 sema IM huku unabonyeza kodi na kutikisa kichwa. Bila kuimba kwanza. Rudia hadi kichwa, kodi na IM viwe tukio moja. Alafu imba. Pitia karatasi yako yote, zungushia duara kila silabi inayoangukia pigo la kwanza. Utashangaa ni mistari mingapi inaanza na maneno mawili matatu yanayoelea kabla ya kodi.

Kwa nyimbo za 6/8 ambazo huku kwetu ni nyingi mno, hesabu sita lakini hisi mbili nzito, ya 1 na ya 4. Ukizihesabu zote sita kwa uzito sawa wimbo utatembea kama umevaa gambuti.

Utajua umefaulu ukiweza kuanza kuimba kutoka mstari wowote, katikati ya wimbo, bila kupitia mwanzo.

## Hatua ya 7: mkono wa kushoto na mwendo

Kushoto usihangaike. Noti moja tu, jina la kodi: kodi ya fa piga fa, ya so piga so. Wimbo wa 4/4 kushoto kupige 1 na 3, kulia kupige 2 na 4. Wa 6/8 kushoto 1, kulia 4. Jifunze mikono miwili bila kuimba hadi ule mtihani wa maswali upite tena, alafu mu, alafu maneno. Ndiyo, unarudia ngazi zote, ila sasa hivi inaenda haraka.

Usipige tyuni kwa mkono wa kulia huku unaiimba. Wengi wanafanya hivyo kwa uoga, kinanda kiwashike mkono. Matokeo yake ukiteleza kidogo sauti na kinanda vinagongana na kila mtu anasikia. Tyuni ni kazi ya mdomo.

Mwendo sasa: panda kutoka 60 kwa tano tano. Kama 80 inavunjika, kaa 75 siku nzima, hakuna anayekufukuza. Pedali kama unayo, inyanyue kila kodi inapobadilika na uikanyage mara baada ya kodi mpya kugusa, la sivyo kodi mbili zinachanganyika unapata uji.

## Hatua ya 8: mbele za watu

Intro fupi: piga mstari wa mwisho wa kiitikio kwa kodi tu, uishie kodi ya do, acha mapigo manne, ingia. Watu wakiwa wanakutazama moyo unakimbia na mwendo unakimbia nao, kwa hiyo imba mstari wa kwanza kimoyomoyo kabla hujagusa kitu, mwendo uutoe hapo.

Maiki ikae kwenye stendi ya mkono mrefu ikija kutoka pembeni, usawa wa mdomo. Ikiwa chini utainama, ukiinama pumzi imekwisha. Omba kinanda kishushwe kidogo kwenye spika, mafundi mitambo wanapenda kinanda kuliko mwimbaji sijui kwa nini.

Ukipoteza kodi katikati, endelea kuimba na kushoto tu, hata noti moja ya do. Ukipoteza neno, endelea kupiga na mumunya, watu wataimba wenyewe. Kitu pekee kisichosameheka ni kusimamisha vyote viwili na kuomba radhi kwenye maiki.

Ukimaliza, kabla hujanyanyuka, rudisha transpozi kwenye 0. Anayekuja baada yako atapiga C yake akidhani ni C, kwaya nzima itaingia kwenye kii ambayo soprano hawaiwezi, na wote watakutazama wewe.